Jumapili za Zamu ya Asubuhi

Chati ilibandikwa ukutani Jumatatu, katikati ya saa na mtungi wa kuzimia moto, na kufikia Jumatano kila mtu wa zamu ya asubuhi alikuwa ameshaitukana kwa namna yake.

Ilikuwa karatasi kubwa inayong'aa, ungedhani tangazo la harusi. Kushoto majina ya watu wanane wa asubuhi, kulia majina ya wanane wa mchana, na mbele ya kila jina vijumba vinane, kijumba kwa kila somo. Aliyemaliza somo kwenye simu yake alibandikiwa nyota ya dhahabu. Ambaye hajamaliza alibandikiwa kiduara chekundu. Upande wa mchana nyota zilikuwa zimeanza kutapakaa. Upande wa asubuhi ulikuwa mwekundu mtupu, kama mtoto mwenye surua.

"Nina wajukuu wawili," alisema Mzee wa Boila, mtunza mtambo wa mvuke, akiitazama chati kwa pembe ya jicho. "Hata wao shuleni hawabandikwi vipele ukutani."

"Chako kimekolea, mzee," alisema Shemeji. "Kinakupendeza."

Walicheka, lakini kilikuwa kicheko cha meno tu. Bi Shuka hakucheka. Yeye ndiye msimamizi wa zamu, na chini kabisa ya ile chati palikuwa na jina lake peke yake kwa herufi nene: BALOZI WA MAFUNZO. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kama anautaka ubalozi.

Chumba chao cha kufulia kilikuwa chini ya hospitali, chini hata ya jiko, na kilikuwa na milango miwili. Kwa mlango mmoja ziliingia shuka zenye damu, matapishi na jasho la watu waliokesha wakiugua. Kwa mlango wa pili zilitoka shuka nyeupe, za moto, zimekunjwa pembe kwa pembe. Bi Shuka alikuwa amesimama kati ya milango hiyo miaka kumi na tisa. Jina alilipata humo humo: mpe shuka afumbe macho, aipapase, atakuambia imetoka wodi gani. Mumewe alipofariki, miaka sita iliyopita, mdogo wa marehemu alikuwa hana kazi, Bi Shuka akamwombea nafasi ya kusukuma matoroli. Alimwita shemeji, naye akaitwa shemeji, na kwa kuwa watu wana masikio, zamu nzima ikamwita Shemeji mpaka jina alilopewa na mama yake likasahaulika.

Alhamisi aliteremka binti wa ofisi kuu. Huyo walimwita Asilimia, si mbele yake. Alikuwa na viatu vya kisigino visivyopendana na sakafu yenye maji, na kwapani alibeba kofia nane za njano.

"Habari za asubuhi, jamani! Tuko asilimia ngapi?"

Mashine kubwa ilikuwa inakamua, chumba chote kinatetemeka. 

"Tuko asilimia sifuri," alijijibu. "Wenzenu wa mchana wako thelathini na moja."

"Wenzetu wa mchana wanakuta kazi imepoa," alisema Kidole, mwanamke mwembamba wa meza ya kukunjia, ambaye vidole vyake vilikimbia kwenye simu kama panya kwenye dari. "Sisi tunapokea uchafu wa usiku mzima."

"Somo moja ni dakika kumi na mbili tu."

"Dakika za nani?" aliuliza Shemeji.

"Zako. Unaweza kusomea popote. Njiani, nyumbani..."

"Nyumbani nina mke. Nikijifungia na simu dakika kumi na mbili, nikitoka nitakuta mabegi yangu mlangoni."

"Na bando je?" akadakia Kidole.

"Kujifunza ni kuwekeza ndani yako mwenyewe, dada."

"Basi mwambie mwekezaji anunue bando."

Asilimia alitabasamu kama mtu aliyefundishwa kutabasamu, akaanza kugawa kofia. Zilikuwa na maandishi mbele: NAJIFUNZA, NAKUA.

"Mimi nikikua tena nitagonga dari," alisema Mzee wa Boila, akaining'iniza yake kwenye bomba la mvuke.

Hapo tabasamu la binti lilikatika. Alisema uongozi umeona watu hawana ari, basi umeamua kuweka zawadi. Mpaka siku ile Jumapili ziligawanywa, moja ya asubuhi, moja ya mchana. Sasa zamu itakayofika asilimia mia kwanza itapumzika Jumapili zote kwa miezi sita. Zote. Na zamu itakayobaki nyuma ndiyo itakayozishika.

Mashine ilimaliza kukamua. Maji yalisikika yakishuka kwenye mtaro.

"Yaani mnatugombanisha," alisema Mzee wa Boila.

"Tunawahamasisha," alisema Asilimia, akaondoka akiruka vidimbwi.

Bi Shuka aliendelea kupanga taulo, lakini mikono ilikuwa imepoteza hesabu. Jumapili zote. Tangu afiwe, kitu kilichomshika asianguke kilikuwa ibada ya saa tatu, benchi la tatu upande wa dirisha, mahali alipokuwa akikaa na mume. Jumapili ya zamu ya kazi ilikuwa kwake kama kuruka mlo: unaishi, lakini siku nzima unajua kuna kitu hukula. Miezi sita bila kuruka. Au miezi sita ya njaa tupu. Hakumwambia mtu. Kwenye kufua mtu akijua unachokitaka, amekushika pindo.

Kesho yake alianza kazi ya ubalozi, na kipaji hicho hakuwa nacho. Alisimama mbele yao wakati wa chai na kusema, "Nani ameanza?"

Watu walipuliza chai.

"Nimeuliza nani ameanza."

"Wewe je, umeanza?" alisema Shemeji.

"Nimefika nusu ya somo la kwanza."

"Nusu!" Shemeji aliwageukia wenzake. "Siku nne, nusu ya kunawa mikono. Ameshanawa mkono mmoja."

Safari hii walicheka kwelikweli. Ni kweli Bi Shuka alisoma polepole, midomo ikichezacheza. Darasa la saba lilikuwa limemwacha na mwandiko mzuri na subira, si mbio.

"Chekeni," alisema. "Miezi sita ni Jumapili ishirini na sita. Mtazicheka zote humu ndani."

"Shemeji," alisema Shemeji, na sauti yake haikuwa na utani tena, "sote tunajua Jumapili unakwenda wapi. Usitufanye ngazi ya kupandia kanisani."

"Na wewe usinifanye niseme nilivyokuingiza humu ulipokuwa unalala kwenye kochi langu."

Maneno hayo yaliwafika wote. Watu waliinamia vikombe vyao. Ndipo Kidole akasema, kwa ile sauti yake kavu, "Mnapigania nini? Meza haina rundo la mtu."

Hiyo ilikuwa sheria ya humo ndani, ya tangu kabla ya Bi Shuka. Ukimaliza rundo lako la shuka, hukai. Unavuta la jirani. Hakuna aliyehesabu nani amekunja ngapi. Saa nane kasoro meza iwe tupu, basi. Kidole aliona masomo ni marundo manane na wao ni watu wanane. Kila mtu achukue moja, alisome mpaka alielewe, kisha aketi alijibu kwenye simu zote nane. Mchana wasingewafikia hata kwa farasi.

"Huo ni udanganyifu?" aliuliza Mzee wa Boila. Aliuliza hasa, alitaka kujua.

"Ulishawahi kukunja shuka peke yako?" alisema Kidole. "Hiyo ni kazi."

Wote walimtazama Bi Shuka. Yeye aliyekuwa anaona kitambaa kilichochanika kwa ncha ya sindano kutoka upande wa pili wa chumba, aliutazama ukuta. "Mimi sijasikia kitu," alisema, akainuka kwenda kuosha kikombe.

Walifanya kweli, tena kwa bidii ambayo nyota za dhahabu hazikuwapa. Mzee wa Boila alipewa somo la moto. Alilisoma mara tatu kwa hasira, akitafuta kosa, na hakupata ila picha ya boila, ambayo alisema ni ya zamani za kale. Kidole alichukua sindano na vitu vyenye ncha. Shemeji alichukua kubeba mizigo, na kwa siku mbili alipita akiwasahihisha watu migongo: "Goti, dada, kunja goti, mgongo haununuliwi." Wengine wakagawana yaliyobaki. La nane lilikuwa Uadilifu Kazini.

"La Bi Shuka," alisema Kidole. "Nani mwingine? Wewe ndiye wa Mungu."

Jumanne, saa sita mchana, waliweka simu nane juu ya shuka safi kwenye meza ya kukunjia. Nyuma ya kila simu palikuwa na kipande cha plasta ya hospitali chenye namba ya siri ya mwenyewe. Walikaa wakipokezana, huyu akimaliza anasogea, yule anaingia, na mezani hapakuwa na maneno ila milio midogo ya "Hongera!" iliyotoka kwenye simu moja baada ya nyingine.

Bi Shuka aliingia wa mwisho. Somo lake alikuwa amelijua kama sala. Usipokee zawadi ya mgonjwa. Usiseme hukuona ulichokiona. Alijibu simu ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila mwisho palitokea kijumba chenye maandishi madogo kama chawa, chini yake neno NAKUBALI, akalibonyeza.

Simu ya nne ilikuwa ya Mzee wa Boila. Kwa ajili ya macho yake, mjukuu alikuwa ameyafanya maandishi yote makubwa, na kile kijumba kilijaa kioo kizima. Bi Shuka alikisoma bila kutaka, midomo ikichezacheza: Naapa kwamba masomo yote manane nimeyasoma na kuyajibu mimi mwenyewe, bila kusaidiwa na mtu yeyote.

Alinyanyua macho. Kidole alikuwa anakula. Shemeji alikuwa amelala juu ya magunia ya shuka, kofia ya njano usoni. Hakuna aliyemtazama. Alitafuta moyoni neno la kumwambia Mungu, na lililokuja lilikuwa Jumapili.

Akabonyeza. Kisha akabonyeza na nne zilizobaki, bila kuzisoma, kwa kuwa alishajua zinasemaje.

Kwa siku mbili zamu ya asubuhi ilikuwa asilimia mia. Upande wao wa chati uling'aa mpaka ukaumiza macho. Zamu ya mchana waliingia saa nane, wakasimama mbele yake, na msimamizi wao akasonya. Huyo walimwita Mke Mwenza, kwa kuwa yeye na Bi Shuka waligawana mashine moja kubwa kama wake wawili wanavyogawana mume, na kila mmoja alimlaumu mwenzake ikianza kukohoa.

"Mmesoma lini ninyi?" aliuliza Mke Mwenza.

"Ulipokuwa unatuachia vichujio vimejaa nyuzi," alisema Kidole.

Jumatano jioni Mke Mwenza naye alifikisha mia. Ilisemekana mpwa wake ndiye aliyejibu yote, akiwa nyumbani, watu wote wanane, masomo yote manane. Hakuna mtu wa mchana aliyefungua hata ukurasa mmoja.

Alhamisi Asilimia akateremka tena. Safari hii alivaa buti, na watu wakajua hakuja kuwapongeza. Alifungua kompyuta yake juu ya katoni za sabuni kwenye kijiofisi cha Bi Shuka.

"Hebu nielezeni. Somo la mikono, mtu wa kwanza amemaliza saa sita na dakika nne. Wa pili saa sita na tisa. Wa tatu saa sita na kumi na nne. Watu wanane mnafuatana kama kumbikumbi. Tena wote kwa siku moja."

Walitazamana.

"Sawa. Nitauliza mwenyewe. Mzee, njoo. Mikono inanawiwa kwa sekunde ngapi?"

Mzee wa Boila alisimama wima kama askari. "Moshi ukianza, unainama chini, unafuata ukuta, hupandi lifti."

"Nimekuuliza mikono."

"Mikono utanawa ukishatoka mzima."

Nje ya kijiofisi mtu alikohoa kicheko. Asilimia hakucheka. "Wewe, wa matoroli. Umekuta sindano ndani ya shuka. Unafanyaje?"

"Muulize Kidole."

"Nimekuuliza wewe!"

"Mimi niulize mgongo," alisema Shemeji. "Mgongo wowote unaoutaka."

Alimwita Kidole akamuuliza siri za wagonjwa, naye akamjibu sindano. Alimwita wa nne, wa tano. Kila mtu alijua kitu kimoja, na alikijua mpaka kwenye mfupa, na kila mtu aliulizwa cha jirani. Mwisho Asilimia alifunga kompyuta, akawatoa wote, akafunga mlango. Alibaki na Bi Shuka.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "mimi sitaki kujua. Unanielewa? Kesho saa nne natuma ripoti. Ofisi kuu wanataka asilimia mia, na wanataka karatasi hii." Aliisukuma juu ya katoni. "Msimamizi anathibitisha kwamba kila mtu amesoma mwenyewe. Mwenzako wa mchana amesaini jana, hata kukaa hakukaa. Ninyi mlifika kwanza. Saini, Jumapili ni zenu, mimi na ninyi tumemalizana."

"Na nisiposaini?"

"Basi hamkusoma. Mtaanza upya, mtashika kila Jumapili, na nitawaandikia ofisi kuu aliyekwamisha ni nani. Mimi pia nina bosi, mama. Usinipandishe mlima usioujua."

Alipotoka na karatasi mkononi, zamu nzima ilikuwa imesimama kwenye njia ya matoroli.

"Umesaini?" aliuliza Kidole.

"Bado."

"Bado? Kalamu imekauka?"

"Wanataka niseme kila mtu amesoma mwenyewe."

"Basi sema. Neno moja. Mwanangu ana miaka mitatu, Jumapili ndiyo siku pekee ananiona kukiwa na mwanga. Nilishamwambia. Nilishamwambia, Bi Shuka!"

"Ngoja," alisema Shemeji, akasogea mpaka Bi Shuka akasikia pumzi yake. "Somo la nane ulilijibu wewe. Mwishoni kuna kiapo. Usifikiri sikioni, mimi nilikisoma jana kwenye simu yangu. Umeapa mara nane, kwa majina ya watu. Leo ya tisa ndiyo inakuchoma ulimi?"

Bi Shuka angeweza kusema hakujua. Maandishi yalikuwa madogo, watu wangeamini.

"Tatu sikujua," alisema. "Tano nilijua."

Hata Mzee wa Boila alimtazama.

"Kumbe!" Kidole alipiga makofi mara moja. "Basi maji umeshayavulia nguo, yaoge!"

"Nimeshaoga. Ndiyo najua yalivyo."

"Usituhubirie!" Shemeji alipaza sauti. "Tulipokuwa tunapanga uliosha kikombe. Ulitufundisha kufumba jicho, sasa unataka kulifumbua peke yako, uonekane msafi. Marehemu angesaini."

"Marehemu angesaini, kweli," alisema Bi Shuka. "Alikuwa mtu mwepesi. Nilimpenda hivyo hivyo. Haya, nipisheni, shuka za wodi ya wazazi zinasubiri."

Walimpisha, lakini si kwa heshima. Siku ile hakuna aliyevuta rundo lake.

Nyumbani aliiweka karatasi mezani akaitazama wakati ugali ukiiva, kisha wakati ukipoa. Hakuna sauti iliyomjia. Alijaribu kusali, akagundua kwamba kila sala ilikuwa inajipenyeza kuomba ruhusa. Alitaka aambiwe ni kitu kidogo. Alijua binti anadanganya, Mke Mwenza amedanganya, ofisi kuu inataka kudanganywa. Uongo ulikuwa umeshafuliwa, umekaushwa, umepigwa pasi, ulibaki kubebwa tu. Na yeye benchi lake la tatu lilikuwa linamsubiri. Alijiona amekaa pale Jumapili ya kwanza, mchungaji akifungua kitabu, na yeye akijua kilichomlipia nafasi ile. Asingeweza kuinua kichwa. Angekuwa amekwenda kukaa tu, kama mtu aliyeingia kukwepa mvua.

Alichukua kalamu. Kwa mwandiko wake wa darasani, mbele ya kila jina aliandika somo ambalo mtu yule alikuwa amelisoma. Chini akaongeza: "Kila mtu amesoma moja na amelisoma vizuri. Kiapo cha somo la nane nilikibonyeza mimi kwa simu zote. Wao hawakunituma." Akasaini hapo.

Ijumaa saa tatu na nusu Asilimia aliisoma amesimama. Alipofika chini alirudi juu, akaisoma tena.

"Mama, unajua umefanya nini?"

"Najua."

"Hujui! Ungejua usingefanya! Nilikuachia mlango wazi, wewe umekwenda kuvunja ukuta!" Sauti yake ilipanda mpaka ikapita mashine. Macho yalikuwa yamelowa kwa hasira, na kwa mara ya kwanza Bi Shuka aliona ni mtoto mdogo tu, labda miaka ishirini na tano. "Na mimi nitasema nini huko juu?"

"Waambie ukweli. Uko mkononi mwako."

"Ukweli!" alisema binti, kama anayetema mbegu.

Alikwenda kwenye chati akaanza kubandua nyota za asubuhi kwa ukucha. Zilikuwa zimeshika. Kila aliyoivuta iliondoka na ngozi ya karatasi, mpaka upande wote ukabaki na makovu meupe, na hapakuwa na viduara vya kutosha kuyafunika. Akafuta jina la balozi, akaandika la Kidole. Akatangaza: kuanzia kesho kutwa Jumapili zote ni za asubuhi, masomo yaanze upya, kila mtu peke yake, wakati wa mapumziko, balozi awe anatazama.

"Na usimamizi wangu?" aliuliza Bi Shuka.

"Ofisi kuu itakuandikia."

Alipoondoka, Shemeji aliitoa kofia ya njano kichwani, akaitupa kwenye kapu la taka mbele ya miguu ya Bi Shuka. "Kuanzia leo usiniite shemeji," alisema. "Tuliunganishwa na marehemu. Marehemu amekwisha kufa."

"Nikuite nani? Hakuna anayelikumbuka jina lako."

Mtu mmoja alicheka, akajikatiza.

Jumamosi saa nane Mke Mwenza aliingia kupokea zamu akiwa amesuka nywele mpya. Alizunguka mashine, akagonga mlango wake kwa kiganja, hakupata la kulalamikia.

"Basi kesho nitakuombea, mke mwenzangu," alisema. "Nimesikia kanisani kwenu mnaimba vizuri. Nitapita nikusikilizie."

"Pita," alisema Bi Shuka. "Na ukishaniombea, ujiombee na wewe. Usikimbilie kutoka kabla ya maungamo."

"Mimi nina nini cha kuungama? Mimi nina nyota."

Bi Shuka alivua aproni akaitundika. Njia nzima ya kwenda nyumbani alijibu jibu lile upya, kila mara kali zaidi.

Jumapili walikuwa kazini saa kumi na mbili. Wodi hazijui Jumapili. Shuka zilishuka nyingi kuliko siku zote. Hakuna aliyemsalimia ila Mzee wa Boila, na yeye alisalimia boila kwanza. Saa tatu kamili mashine ziliposimama kwa chai, Kidole alisimama na simu yake.

"Somo la kwanza. Kila mtu lake. Na asinong'one mtu, na mimi naangaliwa."

Walikaa mbalimbali, kila mtu juu ya kapu lililopinduliwa, vichwa vimeinama. Bi Shuka alifungua somo la mikono pale alipoishia siku ile, nusu. Midomo ilianza kucheza.

"Soma kimya," alisema Kidole.

"Ndivyo ninavyosoma."

"Saa tatu hiyo," alisema mdogo wa marehemu, bila kunyanyua kichwa. "Wanaimba."

"Waimbe."

Alikuwa amedhani mtu akishasema kweli moyo hutulia. Ndivyo alivyosikia miaka yote, kutoka kwa watu waliosimama mbele wakiwa na sauti nzuri. Wake haukutulia. Alimchukia Mke Mwenza na nywele zake katika benchi la watu. Alimchukia binti wa ofisi, na Kidole, na huyu kijana aliyemlisha miezi minane. Hakuwachukia kwa kuwa walikuwa wabaya. Aliwachukia kwa kuwa angeweza kuwapa walichokitaka, na kujipa na yeye, kwa wino wa sekunde mbili, na hakuna mbinguni wala duniani aliyemwambia asante. Alijua chuki ile ni dhambi. Alijua na namna ya kuiombea. Aliiacha ikae.

Akasoma mstari wa mwisho wa somo la kwanza, akajibu maswali sita, akakosea moja. Simu ilimwambia arudie. Aliangalia saa ukutani: zilikuwa zimebaki dakika tisa za chai.

Akarudia.